Kijito cha Amani kimekunyima, Disemba unaenda kwa trauti: jibu kwa mvuvi wa Sahare

Swali limetoka kwa kijana wa Makorora hapa hapa Tanga mjini, nalifupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Mie nimekulia kwenye mshipi pale Sahare, changu na chewa navuta mpaka basi, siku nyingine kolekole. Juzi nimeenda ukweni Amani nikashuka kwenye kijito kinachoingia mto Zigi, maji maangavu, samaki nawaona kwa macho yangu. Nimekaa toka asubuhi mpaka jioni hawajagusa hata chambo. Shida nini? Halafu Disemba nawapeleka wageni Nanyuki, tutapanda ziwa moja la Mlima Kenya wanasema kuna trauti. Nibebe nini? Na kichocho je?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, mkono wako haujaingia nuksi. Tatizo umeenda mlimani na akili ya bahari. Baharini samaki ndo anakuja, unatia nanga juu ya mwamba, unashusha mshipi na chubwi la maana, ile risasi ya kuzamisha, maji yakianza kujaa changu wanatembea kutafuta riziki, wanakikuta chambo chako, basi. Kazi yako ni kujua maji na kuwa na subira, siku za bamvua maji yanapojaa na kupwa sana unajua, na siku za maji mafu yanapocheza kidogo tu unajua. Kijitoni hakuna kujaa wala kupwa. Maji yanaenda upande mmoja tu mchana na usiku, na samaki hatembei kutafuta, maana akitembea anapigana na mkondo na nguvu anazotumia ni nyingi kuliko chakula atakachopata. Kwahiyo anachagua pahali. Anajibanza nyuma ya jiwe ambapo maji yametulia, pua ameelekeza kule maji yanakotoka, na chakula kinapita pembeni yake kinaletwa na mkondo, yeye anachomoka shubiri mbili anadaka anarudi, kama mzee wa barazani anayesubiri muuza kahawa apite. Sasa wewe ulikaa sehemu moja toka asubuhi mpaka jioni ukimsubiri mtu ambaye hana mpango wa kuondoka kwake. Kijitoni anayetembea ni mvuvi.

Na la pili, ambalo naona ndo lililokumaliza kabisa: umesema ulikuwa unawaona. Kama wewe unawaona, wao walikuona zamani. Mwanga ukiingia kwenye maji unapinda, na kupinda kule kunamfanya samaki akiwa chini aone vitu vya juu ya ukingo ambavyo ungedhani vimejificha, kichwa chako, shati lako, fimbo inavyopungwa. Wanaume wa pwani tunapenda kusimama wima juu ya jiwe mkono kiunoni, jua liko mgongoni, kivuli chote kimelala mtoni. Pale umeshawafukuza hata kabla hujafungua mkebe wa chambo. Kitu kinachomsaidia mvuvi ni kwamba vitu vilivyo chini sana karibu na usawa wa maji samaki anaviona kwa shida, vinabanwa pembeni ya macho yake. Ukichutama ukawa na kimo cha mita 1 hivi juu ya maji, ukakaa umbali wa mita 6, hapo unaanza kuwa salama. Sasa nani anachutama mita 6 na mshipi wa mkono? Hawezi. Ndo maana kijitoni unahitaji ufito.

Na unamfuata kutoka nyuma. Kwa kuwa anatazama juu yanakotoka maji, wewe unaanzia chini unapanda taratibu, unatupa mbele yake, chambo kinashuka kumfuata. Ukianzia juu ukashuka, anakuona uso kwa uso, na tope unalotibua linamfikia kabla yako. Miguu pia. Ubavuni mwake samaki ana mstari unaohisi mtikisiko, ukikanyaga jiwe likagonga jiwe jingine amepata taarifa. Kuongea ongea tu kwa kawaida hakuna shida sana, sauti ya hewani haiingii majini vizuri, ila mguu mzito hapana.

Sasa tuje kwenye vifaa, na hapa nitakaa kidogo. Uzi wako wa Sahare nadhani ni ule mnene, na chubwi la kuzamisha mpaka pima kumi. Ule weka ndani. Kijitoni uzi wa milimita 0.20 unatosha kabisa, hata 0.18, na ndoana namba 12 mpaka 16, kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Risasi moja ndogo ya kubana kwa meno, ya ukubwa wa punje ya mtama, unaibana kama shubiri moja juu ya ndoana. Ufito kata mwanzi mkavu wa mita 3, Amani mianzi ipo mpaka inakera (usiingie msitu wa hifadhi kukata, nunua kwa mwenye shamba), funga uzi nchani, urefu wa uzi uwe sawa na mwanzi au upungue kidogo. Rili huhitaji. Wapo watu wananunua rili za bei mbaya kwa ajili ya mto ambao unaruka kwa hatua mbili, hela zao.

Chambo: acha kamba na ngisi, samaki wa pale hajawahi kumuona ngisi tangu azaliwe. Inua jiwe moja mtoni taratibu uligeuze tumbo juu. Utaona vidudu bapa vimeng'ang'ania vina mikia miwili au mitatu vinakimbia pembeni, na utaona vijibomba vidogo vya mchanga vimegandishwa kwenye jiwe, ndani ya kile kibomba kuna kiwavi, kajijengea nyumba kwa chembe za mchanga. Hicho ndo chakula cha kila siku pale, vingine vinang'oka vinasombwa na maji na samaki anadaka. Tumia hivyo hivyo, au nyungunyungu mdogo, au panzi kama nyasi zimeinamia maji. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua basi siku hiyo hata mtoto anavua.

Namna ya kupitisha chambo ndo elimu yenyewe. Tupa upande wa juu wa jiwe, kule maji yanakotoka, nyanyua mwanzi ili uzi usilale majini, acha chambo kishuke chenyewe huku nawe unakifuata na ncha ya ufito. Angalia mapovu juu ya maji. Watu wengi wanaambiwa chambo kiende na mwendo wa povu, sio kweli, maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, kwahiyo chambo kilicho karibu na chini kinatakiwa kiende polepole kidogo kuliko povu. Kikienda sawa na povu ujue kinaelea juu mno, ongeza risasi. Kikikwama kila hatua, punguza. Uzi ukisita hata kidogo tu, ukawa kama umefikiria jambo, nyanyua kiganja. Usivute kwa bega kama unatoa chewa kwenye pango, utampasua mdomo au utamrusha mtini. Pitisha mara tano sita, kimya? Panda jiwe linalofuata.

Ila nikwambie ukweli usije ukalaumu mwanzi wangu: vijito vya Amani havina samaki wakubwa. Maji yake yanatoka msituni, ni safi, na maji safi vile hayana mbolea ya kulisha viumbe wengi, halafu yanakimbia, kwahiyo wengi utakaowapata ni wa urefu wa kidole, na wale kambare wadogo wanaojibandika kwenye mawe. Ni samaki wa kufurahisha jicho zaidi kuliko sufuria. Wengine wana maeneo madogo sana ya kuishi duniani, rudisha. Na ukiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani pita ofisini kwao kwanza uulize, usishuke tu kwa sababu wakwe zako wanaishi jirani.

Ukitaka kitoweo shuka chini. Zigi ikishafika tambarare na kutulia, na Pangani kule Korogwe na Hale, hapo kuna perege, kuna ningu, kuna kambare wa kubeba begani. Hujui pengine, kuna perege ambaye jina lake la kisayansi ni Oreochromis korogwe, kapewa jina la Korogwe yetu mwaka 1955, na ndugu yake mwingine mwaka huo huo kapewa jina la Pangani. Perege mvue jioni kwa donge la ugali na boya dogo. Akitoka jike ana mdomo umevimba, tazama ndani, mara nyingi ni mayai au vitoto, huwa anavilea mdomoni na wakati huo hali kitu, ukimnasa ni kwa bahati mbaya tu, mrudishe. Kambare ni usiku, chini kabisa, utumbo wa kuku. Yeye hata maji yakiwa matope hayana hewa anaishi, ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, ndo maana unamkuta hata kwenye dimbwi linalokauka. Pangani ina mamba, hilo sihitaji kukufundisha, usisimame majini.

Na kuna mkunga wa mtoni, huyu nampenda kuliko wote. Sisi wa pwani tunamjua mkunga wa miambani, huyu mwingine anazaliwa bahari kuu huko mbali, anakuja mdogo mwembamba unaona mpaka uti wa mgongo, anaingia midomo ya mito, anapanda. Kwenye maporomoko anapanda mwamba wenye unyevu kwa tumbo, usiku, mpaka anafika vijito vya juu. Anakaa huko miaka na miaka anakua, siku ikifika anashuka tena mpaka baharini anazaa mara moja tu anakufa. Kwahiyo ukimpata mkunga mkubwa juu kule ujue huyo kapita bahari hii hii unayovua wewe. Mabwawa yanawakata njia vibaya sana.

Nisisahau utupa. Huko milimani utawakuta watu wanaponda majani ya utupa wanamwaga mtoni, samaki wanapanda juu wanahema wanaokotwa kwa kapu. Watakwambia ni dawa ya wazee haina madhara. Sumu yake inazuia mwili wa samaki kutumia oksijeni, na haichagui, inaua kitoto cha juzi na wale vidudu wa chini ya jiwe niliokuonyesha, yani umeua samaki na umeua chakula cha samaki wa mwakani. Sheria ya uvuvi inakataza sumu, na maji ya Zigi yanaishia bwawa la Mabayani ambalo ndo tunakunywa sisi huku mjini. Mimi nikikuta mtu anafanya hivyo sikai kimya, na wewe usikae.

Haya, Disemba. Trauti sio samaki wa kwetu, Afrika nzima wenyeji wake wako kule milima ya Atlas tu, Moroko na Algeria. Hawa wa Kenya waliletwa, mwaka 1905 mlowezi mmoja anaitwa Ewart Grogan alileta mayai kutoka Uskoti yakapandwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare, baadaye wakaja wale wenye mstari wa pinki ubavuni, wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni Amerika upande wa Pasifiki. Hata kwetu Waingereza waliwapanda, mto Kiwira kule Rungwe. Kwa nini hawapo Zigi ya chini? Joto. Trauti anataka maji ya nyuzi 10 mpaka 16, ikipita 20 anaacha kula, ikifika 25 hivi anakufa. Maji baridi yanabeba hewa nyingi, kwenye nyuzi 10 lita moja inaweza kubeba miligramu 11 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 inashuka mpaka saba na nusu, na trauti ni samaki wa mbio, anahitaji hewa. Kwahiyo hapa ikweta lazima umfuate juu.

Sasa sikiliza vizuri, maana yote niliyokwambia ya kijitoni, ziwani yanageuka. Ziwa halina mkondo wa kumletea chakula, kwahiyo pale trauti ndo anatembea, anazunguka kingo kama askari wa zamu, na wewe ndo unakaa. Umeona? Hapo utajisikia nyumbani. Ila usikae popote. Asubuhi na jioni anakuja kwenye kina kifupi karibu na ukingo, jua likiwa kali anashuka pale ambapo sakafu inakatika ghafla rangi ya maji inabadilika kuwa nyeusi. Kama kuna kijito kinaingia ziwani kaa karibu na mdomo wake. Upepo ukivuma nenda upande ambao unapigwa na mawimbi, wengi wanaukimbia kwa sababu ya baridi, lakini vidudu vyote vimesukumwa kule na samaki amevifuata, na mawimbi yanamzuia asikuone. Na kosa la wageni karibu wote ni kukimbilia kurusha mbali katikati ya ziwa huku samaki anapita mita 3 kutoka kwenye viatu vyao. Rusha sambamba na ukingo kwanza.

Vifaa vya huko: wenye mchezo wao wanatumia nzi bandia, ni manyoya na nyuzi zimefungwa juu ya ndoana zinafanana na mdudu. Utashangaa wanavyorusha, maana sisi kinachobeba uzi ni chubwi, wao nzi hana uzito wowote, uzito uko kwenye uzi wenyewe, ni mnene unapungwa nyuma na mbele mpaka unafunguka. Kujifunza siku moja utajinasa sikio. Wageni wako kama wana vifaa hivyo waachie, wewe ukitaka kujaribu omba mtu akuonyeshe kwenye nyasi kwanza, sio majini. Bila hivyo kuna fimbo nyepesi ya rili na kile kijiko kidogo cha bati kinachozunguka, au boya la plastiki linalojazwa maji nusu ndo linakupa uzito, nyuma yake uzi mwembamba wa mita 2 na nzi mweusi au wa kijani iliyofifia. Unavuta polepole, unasimama, unavuta. Lakini kabla ya kutoa fimbo ulizeni, leseni ya kuvua trauti inatakiwa, kiingilio cha hifadhi kinatakiwa, na kuna maji ambayo hawaruhusu kingine zaidi ya nzi bandia. Chambo hai usibebe kabisa kutoka huku. Wewe ndo dereva, wakikukamata gari nayo inakaa.

Baridi usiichukulie poa. Wewe mtoto wa Makorora ukiona nyuzi 22 unavaa koti. Huko Mlima Kenya ziwa Rutundu liko kama mita 3,000 na ushee kutoka usawa wa bahari, ziwa Alice liko juu zaidi, usiku kunaweza kuganda umande ukawa barafu. Kofia ya sufu, glovu zilizokatwa vidole, soksi pea za ziada. Na hewa ni nyepesi, umetoka usawa wa bahari moja kwa moja, kichwa kitagonga, laleni Nanyuki kwanza, pandeni taratibu, kunywa maji mengi. Mtu akianza kutapika na kuyumba mshusheni chini hapo hapo, msisubiri asubuhi. Disemba vilevile mvua inaweza kuwa haijaisha, na hili linahusu hata Amani: ukiwa mtoni ukaona maji yamebadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kuelea, toka, usimalizie huo mpitisho wa mwisho. Huku chini jua linawaka, kumbe juu mvua imeshapiga saa nzima.

Kichocho, uliniuliza mwishoni. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, mabwawa na pembe za mito ya tambarare. Kijito cha baridi kinachokimbia hatari ni ndogo. Bwawani vaa buti.

Ukibahatika trauti wa kula, mtoe roho haraka, mpasue hapo hapo. Ndani kando ya uti wa mgongo kuna mstari wa damu nyeusi, ukwangue wote kwa ukucha wa dole gumba mpaka mfupa uwe mweupe, ule ndo unaharibu ladha. Wa kurudisha loweka mikono kwanza kabla hujamshika, na kile kijino cha ndoana kibane kwa koleo toka nyumbani ili itoke bila kuchana. Perege wa bwawani akinuka tope, ndimu nusu saa kabla ya kupika inasaidia kweli, ile harufu inavunjwa na uchachu. Ila trauti, nakuomba, usimtie nazi. Najua utataka. Chumvi, kikaango, mafuta kidogo, ngozi ikauke. Kama wageni watakubakishia.